Siku Ikifa, Itakufa na Nani?



Juma hili tunawaletea tafakari juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona halina nafasi katika ukurasa huu: namna ya kuchagua kompyuta mpakato. Vijana wa kwaya pamoja na kamati yetu ya mawasiliano waliomba parokia iwanunulie kompyuta ndogo ya kubebeka, lakini yenye nguvu ya kuhariri video na muziki. Kwa kuwa fedha hizo zimetoka katika jumuiya ndogondogo, ni haki yenu kujua zilivyopimwa kabla ya kutumiwa.

Hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa. Ombi hilo lilipotufikia mara ya kwanza, tulilikataa kabla ya kulisoma hadi mwisho. Tulidhani ni tamaa ya ujana ya kutaka kushika kitu king'aacho. Kwaya ilikuwa na kompyuta yake ya zamani, na sisi tuliona inatosha. Kisha, Aprili 2024, katikati ya masika, kompyuta hiyo haikuwaka tena. Fundi aliifungua na kutueleza kwamba diski yake imekufa na hakuna kinachoweza kuokolewa.

Ndani yake zilikuwamo nyimbo za miaka saba. Yalikuwamo pia mazoezi ambayo marehemu mwalimu wetu wa kwaya, aliyefariki mwaka 2022, aliyarekodi akiimba mwenyewe sauti zote nne, moja baada ya nyingine, ili wanakwaya wapya wapate kujifunza. Hapakuwa na nakala popote. Hakuna aliyetulaumu, na kwa sababu hiyo aibu yetu ilizidi, kwa maana ni sisi tulioahirisha mara tatu kununua diski ya akiba.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 tulilirudia ombi lile kwa unyenyekevu zaidi. Jirani yetu mmoja hapa Mwanakwerekwe, kijana Mwislamu anayepata riziki yake kwa kupiga video za harusi, alituazima kompyuta yake kwa juma zima. Ilikuwa MacBook Pro ya inchi 14, toleo la mwaka 2021, yenye chipu ya M1 Pro na kumbukumbu ya GB 16. Tulipomwuliza kama ni nzuri, alicheka. "Padri, mie nikikwambieni nzuri, nakusudia kwa kazi yangu. Ijaribuni kwa kazi yenu."

Neno hilo lilitufaa kuliko matangazo yote tuliyoyasoma. Kazi yetu ilikuwa wimbo wa Noeli wa dakika sita, uliopigwa kwa kamera mbili. Katika kompyuta ya ofisi, kuutoa wimbo huo ukiwa umekamilika kulichukua zaidi ya saa moja na nusu, huku feni ikivuma kama jiko la mchomaji. Katika ile ya kuazima, kazi hiyohiyo ilikwisha chini ya dakika tano. Kijana wetu mhariri, ambaye huja baada ya kibarua chake na kuondoka kwa daladala ya mwisho, alitazama saa, kisha akatutazama sisi. "Baba Paroko, leo nitawahi kula nyumbani."

Hapo tukatambua kosa letu la kwanza lilipokuwa. Nguvu ya mashine tuliyoiita anasa ilikuwa ni saa za usiku za mtoto wa mtu, na kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukizipokea bila hata kuzihesabu.

Wepesi nao una maana yake kwetu. Kompyuta ya kwaya haikai mezani. Husafiri ndani ya daladala hadi Mji Mkongwe, hurudi, na hupelekwa kwenye misa za nje. Ile ya jirani ina uzito wa kilo 1.6, na ubavuni ina tundu la kadi ya kamera na la HDMI, hivyo mhariri hahitaji kubeba vifaa vya kuunganishia.

Lakini kisiwa chetu kina mtihani wake, nao ni umeme. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2008, Unguja ilipokaa takriban mwezi mzima bila umeme wa Bara, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, takriban miezi mitatu, kwa hitilafu ya njia ya umeme utokao Bara kupitia chini ya bahari. Tangu waya mpya ulipowekwa hali ni nafuu sana, ila kukatika kwa saa moja au mbili bado tunakujua. Siku ya nne ya majaribio umeme ulikatika mchana, mhariri akiwa katikati ya kazi. Hakuinua hata kichwa, akaendelea kwa betri hadi umeme uliporudi. Kompyuta kubwa ya mezani ingezimika papo hapo, isipokuwa iwe na betri ya akiba pembeni.

Tuliporidhika hivyo, tuliuliza bei, na bei ikatunyamazisha. Ndipo jirani yetu akatuonyesha njia ya kati: MacBook Air ya chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020, ambayo hupatikana ikiwa imetumika. Ina uzito wa kilo 1.29 na chaja yake ni ya wati 30 tu, hivyo hata inveta ndogo huimudu. Haina feni, kwa vumbi la barabara yetu hilo ni jambo jema, kwa kuwa hakuna kinachovuta vumbi ndani. Hasara yake ni kwamba katika kazi ndefu, chini ya mabati ya moto, hupunguza mwendo ili isiungue. Matundu yake ni mawili tu ya USB-C, basi kadi ya kamera huhitaji kifaa cha kuunganishia. Tuliijaribu moja kwa wimbo uleule: ilichukua muda mrefu kidogo kuliko ile Pro, lakini bado mhariri aliwahi daladala.

Jambo moja tulilolishikilia ni kumbukumbu ya kufanyia kazi. Katika kompyuta hizi kumbukumbu haiongezwi baadaye. Unayonunua siku ya kwanza ndiyo utakayokaa nayo. Oktoba 2024 Apple wenyewe walipandisha kiwango cha chini cha MacBook Air kutoka GB 8 hadi GB 16. Kwa mhariri wa video, GB 8 ni kumnunulia kijana viatu vinavyombana tangu dukani.

Tuliyapeleka haya yote mbele ya halmashauri ya walei, tukiwa na karatasi yetu ya hesabu. Mama mmoja mzee, ambaye hajapata kugusa kompyuta maishani mwake, alisikiliza hadi mwisho kisha akauliza: "Baba, na hiyo mpya, siku ikifa, itakufa na nani?"

Ukumbi ulinyamaza. Kila mmoja alijua ni sauti ya nani iliyokuwa moyoni mwake. Sisi tuliokuwa tumepima kasi, uzito, betri na bei, hatukuwa tumepima hilo.

Basi tuliamua hivi. Tulinunua MacBook Air iliyotumika, yenye GB 16, baada ya kuhakikisha mwenye mali wa kwanza ameiondoa akaunti yake ndani ya mashine, na baada ya kutazama idadi ya mizunguko ya betri. Kwa fedha iliyobaki tulinunua diski mbili za nje. Moja hukaa ofisini. Ya pili hukaa nyumbani kwa mama yule aliyeuliza, ndani ya sanduku la kanga zake. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi huileta, kazi mpya hunakiliwa, naye huirudisha.

Katika Luka 14:28 Bwana anamsema mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza na kuhesabu gharama. Sisi tulidhani kuhesabu ni kutafuta bei ndogo. Gharama iliyotuponyoka ni ile ya kutotunza, nayo tumekwisha kuilipa kwa sauti ambayo hatutaisikia tena hapa duniani.

Tunawaombeni jambo moja juma hili. Kama katika simu zenu au kanda za zamani imo sauti ya mwalimu wetu, hata dakika moja ya mazoezi, ileteni ofisini. Tayari mwanakwaya mmoja wa sauti ya tatu amepata kipande kifupi katika simu yake iliyopasuka kioo. Mwalimu anakohoa kwanza, kisha anaanza kuimba.

Tunawatakieni Dominika njema.