Zungusha Picha, Usizungushe Wembe

Kwenye banda la kuku la mama yangu, kule Tetu, ukuta mmoja umezibwa kwa vipande vya plaiwudi vyenye mashimo ya maumbo ya watu. Kuna shimo la bibi harusi na shela lake, la mhitimu na joho lake, la mzee mwenye kofia. Asubuhi kuku huchungulia pale palipokuwa uso wa mtu. Hayo ni mabaki ya kazi yangu. Watu wenyewe walishachukuliwa, wamesimama juu ya makabati na televisheni huko Othaya, Karatina na Nanyuki. Mama hataki kuvitia vipande hivyo jikoni. Anasema hawezi kupika uji kwa kuchoma mtu.

Kazi ya kumtoa mtu kwenye picha niliianza mwaka 1991, nikiwa na miaka 17, katika studio moja ya Karatina iliyokuwa karibu na soko. Mwenye studio, ambaye sote tulimwita Mzee ingawa hakuwa amefika miaka 50, alikuwa na kamera ya Yashica iliyopiga picha 12 kwa filamu moja, pazia lililochorwa ndege na maua, na chumba cha giza ambacho zamani kilikuwa stoo ya viazi. Siku za soko watu walipanga foleni. Wameuza kabichi, wamelipwa, wamejipaka mafuta, wanataka picha kabla fedha hazijaisha.

Lakini jina la Mzee lilijengwa na wembe wake kuliko kamera yake. Watu walimletea maombi ambayo kamera peke yake isingeyaweza. Kijana aliyefanya kazi Mombasa alitaka kusimama kando ya mchumba aliyebaki Mukurwe-ini. Mjane alitaka marehemu mumewe aonekane pamoja na mtoto aliyezaliwa baada ya mazishi. Wengine walitaka tu kujiona ndani ya ua la waridi. Mzee alichapisha picha mbili kwa kipimo kinacholingana, akamkata mmoja, akaukwangua ukingo wa karatasi kwa msasa upande wa nyuma mpaka ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu, akambandika kwenye picha ya pili, akapitisha penseli pale palipoungana, kisha akaipiga picha kazi yote upya. Kwenye negativi mpya mshono ulikuwa umetoweka.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alikuwa akikata na kubandika vivyo hivyo katika studio yake, akiwatia watu ndani ya maua. Mzee hakuwahi kufika Lamu. Nadhani wembe, gundi na mteja mwenye hamu hufundisha somo lilelile popote.

Masharti ya Mzee yalikuwa mawili. La kwanza, wembe ulazwe kidogo, ukate kwa kuingia chini ya mtu, ili weupe wa karatasi usichungulie. La pili alilirudia mpaka likawa salamu yetu ya asubuhi: "Zungusha picha, usizungushe wembe." Mkono wa kulia utulie, mkono wa kushoto ndio ulete shingo, bega, kiwiko. Ukizungusha wembe, kifundo cha mkono kinafika mwisho wake, unasita, na pale uliposita shavu la mtu linaota jino.

Sharti la tatu nililipata kwa aibu. Familia moja ilifiwa na mama, na picha pekee waliyokuwa nayo ilikuwa ya harusi ya mtu mwingine: marehemu katikati ya wanawake watano, mkono wa mmoja wao ukiwa begani mwake. Nilimkata vizuri, nikauacha ule mkono kwa kuwa kuuondoa kungelitoboa bega. Picha ilipokuzwa, vidole vinne visivyo na mwenyewe vikawa vimemshika marehemu. Mzee aliviangalia kwa muda.

"Hivi ni vya nani?"

Sikujua.

"Wembe haujui ukoo, kijana. Wewe ndiye ungeuliza."

Aliuliza yeye. Vilikuwa vya dada wa marehemu, aliyetangulia kufariki. Mabinti walishauriana dakika chache tu, wakasema vibaki. Mzee aliniambia baadaye kwamba vingekuwa vya mke mwenza, angevichorea leso juu yake na hakuna ambaye angeuliza.

Ufundi wa wembe ulikufa kwa sababu ya karatasi. Picha za rangi zilipoenea, karatasi yake ilikuwa na utando wa plastiki. Msasa uliichuna badala ya kuikondesha, na penseli haikushika. Nikaanza kubandika picha kwenye hadibodi na kumkata mtu kwa msumeno mwembamba wa uzi. Mtu mmoja alinichukua saa nzima, na uzi ulipenda kukatikia makwapani.

Mwaka 2004 nilihamia Nyeri mjini nikiwa na kompyuta iliyotumika. Sasa nilimzunguka mtu kwa kipanya, nukta baada ya nukta, nimeikuza picha mpaka uso umegeuka viraka vya rangi. Jambo lililonishtua ni kwamba kosa lilikuwa limepoteza uchungu wake. Kwa wembe, ukikata sikio umekata. Hapa ulibonyeza mara moja, sikio likarudi. Nilifurahi, na nikawa mzembe.

Leza niliifahamu kwa sababu ya Nyaatha. Ndivyo watu wa Nyeri walivyomwita Sista Irene Stefani, mmisionari wa Konsolata kutoka Italia aliyefia Gikondi mwaka 1930. Alitangazwa mwenye heri hapa Nyeri tarehe 23 Mei 2015, na wiki chache kabla yake kila mteja alitaka Nyaatha wa kusimama mezani. Kwa msumeno wangu ningemaliza Krismasi. Nikatia kazi kwenye flashi, nikapanda matatu, kilomita kama 150 hadi Nairobi, nikaingia kwa fundi mmoja wa River Road mwenye mashine ya leza.

Fundi huyo aliufungua mchoro wangu akacheka. Nilikuwa nimeiachia programu ichore ukingo yenyewe, nayo ilikuwa imemwaga nukta maelfu. Mashine hufuata kila nukta. Ingetetemeka kama matatu kwenye barabara ya matuta, na ukingo ungetoka na meno. Tulizipunguza pamoja mpaka shela la Nyaatha likabaki mkunjo mmoja mrefu kutoka utosini hadi begani. Kisha tukausogeza mstari nje kwa milimita 2, ili ukiteleza kidogo uanguke kwenye ukingo mtupu, usimguse shavuni. Mstari wa kukata ukawa mwekundu, maandishi ya kuchoma yakawa meusi. Nafasi iliyo kati ya mkono na kiuno hukatwa kwanza, ukingo wa nje mwisho, kwa sababu mtu akishaachana na ubao anaweza kusogea, na lolote litakalokatwa baada ya hapo litakaa upande. Nilijifunza pia kuupima ubao wenyewe, maana plaiwudi inayouzwa kuwa ya milimita 3 si lazima iwe 3, na ulimi wa miguuni usipolingana na tundu la kitako, Nyaatha ataanguka.

Nilirudi na harufu ya mbao iliyoungua kwenye nguo, nikiwa nimeamua. Mashine yangu niliipata mwaka 2019, ya wati 60, si mpya. Nilikuwa nimechelewa kwa mwaka mzima: mwanzoni mwa 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, bei ya mbao ikapanda, na akiba yangu ikaliwa na plaiwudi.

Nilimleta Mzee kutoka Karatina aione. Mwale wa mashine ya namna hii hauonekani kwa macho. Unachoona ni cheche ndogo pale ubao unapoungua, na mstari mweusi unaojivuta wenyewe. Alitazama mtu mzima akikatwa kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha chai. Kisha akasema, "Huyu anazungusha wembe." Ni kweli. Ubao ulikuwa umetulia na kichwa cha mashine ndicho kilichozunguka, bila kifundo cha kuchoka. Aligusa ukingo, akauona ni wa kahawia. Maisha yake yote alipigana na ukingo mweupe. Mimi nabandika tepu ya karatasi juu ya picha ili moshi usiipake masizi.

Nyeri nayo ina masharti yake. Wakati wa gathano, ule ukungu wa Julai, plaiwudi hunyonya unyevu ikajikunja, na mwale uliolengwa sawasawa katikati ya ubao hauchomi sawasawa pembeni. Ninailaza chini ya mawe usiku kucha.

Mwaka 2020, mazishi yalipowekewa kikomo cha watu 15, simu haikunyamaza. Watoto walioko Marekani na Uingereza, ambao hawangeweza kuja, walinitumia picha za wazazi wao kwa WhatsApp, zimebanwa mpaka nywele zimekuwa ukungu. Nilikata baba na mama wa watu ambao sikuwahi kuwaona. Kwa wingi ule wa kazi nilikubali msaada wa programu za simu zinazoondoa mandhari kwa kugusa mara moja. Ni nzuri, sitadanganya. Kazi iliyonichukua nusu siku zinaimaliza kabla sijavuta kiti.

Ndipo alipokuja mzee mmoja wa Karatina na mjukuu wake. Kijana alikuwa ameshamtoa mama wa mzee kwenye picha ya zamani, kwa simu, tayari kwa kukatwa. Mwanafunzi wangu, binti mwerevu, akachapisha picha, akaibandika ubaoni, akakata. Mstari ulikuwa safi. Mzee huyo akaishika kazi kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani.

"Fundi, huyu si mama yangu."

"Guka, ni picha ileile uliyoleta," binti akamwambia.

"Huyu ni msichana wa misheni."

Nikaitazama picha ya asili. Mama yule alikuwa na masikio yaliyotobolewa na kuvutwa tangu usichana, ndewe zikining'inia kama vitanzi mpaka karibu na taya, kama wanawake wengi wa rika lake. Wasichana waliofuata misheni waliacha desturi hiyo, na mtu aliweza kujua kwa sikio tu umelelewa upande gani. Programu ilikuwa imeona vitanzi viwili vyembamba juu ya ukuta wa rangi iliyofifia, ikavifuta kama uchafu. Kwa kumpunguzia milimita chache ilikuwa imembadilishia maisha.

Niliuchora mstari upya kwa mkono. Kwa ukubwa wa kwanza nyama ya ndewe ingekuwa chini ya milimita moja, nayo ingeungua na kukatika, kwa hiyo nilimkuza mara mbili na kuunenepesha ukingo kidogo mno, kiasi ambacho mwanawe asingekitambua. Matundu mawili kwanza, ukingo wa nje mwisho. Vile vipande vya matundu vilidondoka kwenye trei ya chini, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mahindi. Sikumtoza mzee ubao wa pili.

Ubao wa kwanza, ule wa msichana wa misheni, nimeutundika juu ya mashine. Kwa mwanafunzi wangu sijawahi kuueleza tena. Siku hizi mteja akiingia, binti huyo humpa kiti, huiacha simu yake mezani bila kuifungua, na kuanza: "Masikio yake yalikuwaje? Alitembea na mkongojo? Na huu mkono hapa begani, ni wa nani?"