Mafuta ya Pilipili

Mteja alitaka maneno 1,200 kuhusu mafuta ya pilipili ya Sichuan, kufikia asubuhi. Nimeshaandika kuhusu bima ya meli na chakula cha mbwa bila kumiliki chochote kati ya hivyo. Kazi ni kusoma, kugeuza maneno, kutuma, kulala. Hii ilinikwamia kwenye sentensi moja: utajua mafuta yako tayari kwa harufu. Harufu gani sasa?

Nikaomba siku mbili zaidi. Kwa mama mboga nikachukua tangawizi, kitunguu cha majani na pilipili kavu za mia. Kilichonisumbua ni huajiao, zile punje zinazotia ulimi ganzi, ambazo si pilipili hata kidogo. Ukoo wake ni mmoja na ndimu. Nilizipata kwenye duka la Wachina huko Kilimani, kwa bei ya chakula changu cha siku mbili.

Huko Sichuan hutumia mafuta ya mbegu za rapa zilizokaangwa. Mimi nilikuwa na ya alizeti. Mara ya kwanza niliyachemsha mpaka yakatoa moshi, nikayamwaga yote kwa mpigo juu ya pilipili iliyosagwa. Ikawa nyeusi kama makaa. Jirani wa mlango wa pili alitoka akikohoa: "Wewe, unataka kutuua?"

Mara ya pili niliweka moto mdogo. Tangawizi, kitunguu, mdalasini na huajiao vikakaangika polepole mpaka kitunguu kikawa kahawia, nikavichuja. Halafu unamwaga kwa awamu tatu. Ya kwanza yakiwa moto sana, kwa ajili ya harufu. Unangoja. Ya pili yakiwa yamepoa kidogo, kwa ajili ya rangi. Ya tatu yamepoa zaidi, ndiyo yanayotoa ukali. Kabla ya kumwaga, tupia kipande kimoja cha pilipili: kikigeuka cheusi papo hapo, ngoja. Kikitoa mapovu na kubaki chekundu, twende. Ufuta unaingia mwisho, kisha unafunika mpaka kesho.

Na ile harufu ni ya njugu zikikaangwa, kabla tu hazijaungua. Hiyo sentensi niliiandika mwenyewe.

Pilipili yenyewe, kama mahindi ya ugali wetu, ilitoka Amerika. Ilifika China karne ya 16, kwa hivyo Sichuan imeishi miaka mingi bila pilipili kuliko nayo, ikijipa joto kwa huajiao na tangawizi. Mteja aliikata aya hiyo. Alisema wasomaji wake wana haraka.

Jumapili mama akaja bila kunijulisha. Nilitoka chuo nikiwa mwaka wa tatu, na yeye hakuwa anajua. Kila muhula alikuwa akinitumia alichopata kwa kuuza maziwa, kikisemekana ni karo, nami nikikilipia nyumba. Nilimpikia ugali na sukuma, nikaweka chupa ya mafuta mezani kwa sababu sikuwa na nyama.

Akaonja. Akanyamaza, akajigusa mdomo. "Mbona ulimi umekufa?"

"Utarudi, mama."

Akaongeza kijiko. "Haya ndiyo mnafundishwa huko chuo?"

Ningecheka tu, yapite. Nimeyapitisha mara nyingi hivyo.

"Mama, niliacha chuo. Mwaka jana, mwezi wa tisa."

Aliendelea kula. Alimaliza sahani, akaipangusa kwa tonge la mwisho mpaka hapakubaki wekundu wowote, akanawa mikono.

"Na pesa yangu?"

"Nililipia nyumba."

Alitazama chumba kizima: kitanda, jiko la gesi, laptopu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Haikuchukua muda.

"Sasa unakula nini?"

Nikamweleza kazi ya kuandika, nikamwonyesha hata ile makala ya pilipili kwenye simu. Aliishika mbali na macho, kama anavyoshika risiti.

"Hawa wamekulipa?"

"Bado."

Akafunga kifuniko cha chupa, akakikaza, akaitia kwenye mkoba wake.