Yesu wa Kalenda

Plasta mbichi haipakwi rangi. Fundi yeyote wa mtaani atakuambia hivyo. Ukuta wa simiti mpya unahitaji kama mwezi mzima kukauka, la sivyo chumvi itachipuka juu na rangi itaanza kubanduka kabla hujamaliza kulipwa. Lakini kamati ya ujenzi ya kanisa la mama ilitaka picha iwe tayari Pasaka, na ukuta wa nyuma ya madhabahu ulikuwa na wiki moja tu tangu upigwe plasta. Huo ndio ulikuwa ubishi wetu wa kwanza. Nilishinda. Walikubali ningoje ukauke, na wakati nikingoja nichore rasimu.

Bei ilikuwa shilingi 90,000, na 30,000 walinipa mkononi. Kama hujawahi kuishi kwa brashi huenda usielewe hizo pesa zilimaanisha nini. Landlord alikuwa ananidai miezi miwili. Kazi yenyewe nilipewa kwa sababu ya mama, ambaye ameimba kwaya hapo tangu sijazaliwa, na aliniombea hiyo nafasi kwa wazee bila kuniambia.

Walitaka Karamu ya Mwisho, Yesu katikati, ukuta mzima.

Mimi siwezi kuchora uso ambao sijauangalia. Naweza kuuiga, hilo ni jambo lingine. Kwa hivyo nilimtafuta jamaa anayetusukumia mitungi ya maji kwa mkokoteni mtaani, nikamwomba akae kwangu jioni tatu, 500 kila jioni. Siku ya kwanza aliniuliza, "Sasa unanichora niwe nani?" Nikamwambia. Alicheka hadi akainama. "Boss, mimi hata kanisa siendi." Halafu akanyamaza, akafunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akakaa wima. Sikuwa nimemwomba.

Kuhusu imani, mimi ni kama wengi wa rika langu: naomba kwa kurukaruka, kanisani naenda nikiwa kwa mama. Lakini zile jioni tatu nilikaa saa nzima-nzima nikiangalia paji la uso la mtu ninayempita kila asubuhi, kovu dogo juu ya nyusi, mishipa ya shingo iliyovimba kwa mzigo, na sijui neno lingine la kuliita jambo hilo isipokuwa sala.

Kamati iliangalia rasimu kwa muda mrefu. Mwishowe mzee mmoja akasema kwa upole, "Kijana, huyu si Yesu. Yesu tunamjua." Akaenda ofisini akarudi na kalenda.

Unaujua huo uso hata kama hujui ulikotoka. Nywele za kahawia hadi mabegani, ndevu zilizochanwa, macho yakiangalia juu pembeni, mwanga wa dhahabu. Aliuchora Warner Sallman, mchoraji wa Chicago, mwaka 1940, na ukachapishwa mamilioni kwa mamilioni ya nakala. Sebuleni kwetu ulikuwepo kabla yangu. Kusema kweli ni picha iliyochorwa vizuri, na Sallman simlaumu. Alichora Yesu aliyemwona yeye, kule alikokuwa.

Mama mmoja wa kamati aliuliza swali ambalo bado nalibeba: "Lakini Yesu hakuwa Mwafrika pia, ama?" Kweli kabisa. Alikuwa Myahudi wa Galilaya na hakuna aliyetuachia picha yake. Ndiyo maana kila mchoraji lazima aazime uso mahali. Kwangu tofauti ni moja tu, kama umeazima kutoka kwa mtu aliyekaa mbele yako ama kutoka kwa karatasi iliyopigwa chapa. Nilijaribu kumweleza hivyo. Nadhani nilimchosha.

Kabla ya kuwajibu nilipanda matatu hadi Murang'a. Kwenye kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo kuna picha tano za ukutani alizochora Elimo Njau mwishoni mwa miaka ya 1950: kuzaliwa, ubatizo, karamu, Gethsemane, msalaba. Njau ni mzaliwa wa Tanzania aliyesomea Makerere, na mwaka 1965 alikuwa kati ya walioanzisha Paa ya Paa hapa Nairobi. Msimamo wake kuhusu kuiga unajulikana: anayeiga anamlaza Mungu usingizi. Yesu wake ni mweusi na yuko kwenye nchi ya vilima kama vile unavyoviona ukitoka nje ya mlango. Kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Emergency, wakati majirani walikuwa wanauana kwenye vilima hivyohivyo. Kumweka Yesu hapo, miaka hiyo, hakukuwa urembo. Nilikaa kwenye benchi hadi mlinzi akaanza kunizunguka.

Sasa, msinifanye mtakatifu. Nimepaka matatu miaka minne. Nimempuliza Tupac kwenye milango ya nyuma mara nyingi kiasi kwamba naweza kumchora gizani, kila mara kutoka kwa picha ya simu, na usingizi ulikuja vizuri tu. Kwenye matatu hakuna anayedanganywa. Mwenye gari anataka Tupac wa ile picha, abiria wanajua ni ile picha, inapita. Ukuta wa madhabahu watu watapiga magoti mbele yake wakiwa na wagonjwa, na mikopo, na watoto waliopotea. Hapo sikutaka kuweka kitu ambacho mimi mwenyewe sikukiangalia.

Nikamwambia pasta siwezi kuchora ya kalenda. Hakukasirika. Alisema tu kwamba pesa ni za washirika, na ni kweli. Nimezirudisha kwa M-Pesa, 5,000 kila mwezi, miezi sita. Landlord alinifungia mlango mara moja katikati ya hapo.

Kazi aliichukua rafiki yangu tuliyekuwa naye gereji. Ana watoto wawili na mkono mzuri kuliko wangu. Aliimaliza, na vile vidole vya Petro vinavyovunja mkate, mse, ningependa ningevichora mimi. Alipoanza aliniuliza kama plasta imekauka. Nikamwambia ndiyo, imekauka sawasawa.

Mama hakuniongelesha karibu wiki tatu. Kwaya inakaa ubavuni mwa madhabahu, kwa hivyo kila Jumapili anaimba akiiangalia ile kazi ambayo ilikuwa iwe ya mwanawe. Halafu mwezi uliopita akapiga simu usiku, bila salamu ndefu.

"Ile ya karatasi bado unayo?"

Nikampelekea. Aliivaa miwani akaikagua, akagusa ule mshipa wa shingo kwa kidole. "Si huyu ni yule wa maji?"

"Ndiye."

"Ananidai mitungi miwili."

Akaikunja ndani ya leso akaiweka juu ya kabati. Kalenda bado iko ukutani. Nilipomuuliza kama ataitundika ile yangu, alisema nimwache kwanza, anafikiria.