Pipa na Nyatiti

Wahenga walinena kuwa subira huvuta heri. Hawakueleza, hata hivyo, subira huvuta nini pale ambapo kinachosubiriwa ni kibovu tangu mwanzo. Swali hilo lilizuka alasiri moja mjini Kisumu, katika stoo ya mwalimu mstaafu wa kemia, mbele ya pipa dogo la mwaloni la lita 5.

Aliyelizusha alikuwa mgeni wake, mpigaji nyatiti aliyetumbuiza kwenye matanga na harusi kwa miaka mingi, na aghalabu akatunzwa kwa kileo. Mnamo Novemba 2000, pombe iliyotiwa methanoli iliwaua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi, hasa mtaani Mukuru kwa Njenga, na kuwapofusha wengine. Mmoja wa waliopofuka alikuwa mdogo wake, aliyekuwa amemfuata mjini ili kujifunza nyatiti. Tangu siku hiyo mpigaji hakuonja tena. Wala hakuwahi kumpigia mdogo wake wimbo hata mmoja. Alijiambia kuwa wakati ungelainisha mambo.

Alikuja, basi, kwa heshima ya ujirani, si kwa kiu.

Mwalimu alieleza kazi yake kwa furaha ya mtu aliyerudi darasani. Pipa lilichomwa kwa ndani hadi likafanya tabaka la makaa. Kabla ya kutumiwa lilijazwa maji kwa siku kadhaa ili mbao zivimbe na kuziba nyufa. Kisha akatia wiski changa aliyoinunua dukani, kwani kuipika nyumbani bila leseni ni kuvunja sheria. Mbao ndizo huipa rangi ya kahawia, harufu ya vanila na ukakasi wa tanini. Kule Uskoti, alisema, sheria hudai angalau miaka 3 katika pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, na kila mwaka takriban asilimia 2 huvukia hewani. Waskoti huiita fungu la malaika. Katika pipa dogo kileo hugusa mbao zaidi kwa kadiri ya ujazo wake, hivyo miezi michache hutosha. Ikizidi, mbao hufunika kila ladha nyingine.

Mgeni aliinama, akaligonga pipa kwa kidole kutoka juu kuelekea chini. Juu lilivuma, katikati sauti ikawa nzito ghafla.

"Imefika hapa," akasema.

Mwalimu akatumbukiza kijiti, akakitoa, akacheka. Sikio halikukosea.

Alipomiminiwa kidogo kwenye bilauri, mgeni aliinusa tu, akairudisha. Ndipo akauliza kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, ile iliyompofusha ndugu yangu, ingalikaa humu miaka kumi, sumu ingalitoka?"

Mwalimu hakujibu upesi.

"La, Jathum. Mbao hulainisha ukali, lakini methanoli haziiondoi. Kikiingia sumu, kitatoka sumu, tena chenye harufu nzuri."

Kimya kilitanda. Waama, wengi wetu huukabidhi wakati kazi isiyo yake. Mshairi hulifungia shairi lenye kasoro ndani ya mtoto wa meza akitumaini kwamba vumbi litalisahihisha. Ndugu huliacha neno zito bila kusemwa, wakidhani kimya ni dawa. Wakati hukomaza kilichoingia kikiwa safi. Kilichobaki hudai mkono wa mtu.

Mpigaji alishukuru, akaaga. Jumamosi iliyofuata alionekana kwenye kituo cha mabasi alfajiri, nyatiti yake imefungwa kwa shuka, akisubiri gari la kwenda Siaya. Mdogo wake hangeweza kuziona nyuzi zile nane. Masikio yake, hata hivyo, yalikuwa yamengoja kwa muda mrefu kupita pipa lolote.