Karatasi ya nyumba iko mkononi mwa nani?

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alinipigia simu kutoka Kabongo, kwetu Kongo, usiku mmoja wa Machi 2021, akizungumza chinichini kama mtu aliye msibani. "Mdogo wangu," alisema, "parsele ya baba imekwenda."

Mtoto wake alikuwa amefanyiwa upasuaji mwaka uliotangulia. Kabla daktari hajagusa kisu, pesa zilitakiwa mezani, basi yaya akaenda kwa mfanyabiashara mmoja anayenunua mahindi na kuyapeleka Mbuji-Mayi. Kinshasa watu kama huyo huitwa Banque Lambert, na jina hilo limefika mpaka kwetu. Alimkopesha dola 200 kwa riba ya asilimia 30 kila mwezi, na dhamana ikawa karatasi ya parsele, yaani ya kiwanja chenye nyumba. Kwa miezi minane yaya alilipa dola 60 bila kukosa. Hesabu mwenyewe: ni dola 480, na zile 200 za mwanzo hazijapungua hata moja. Mwezi wa tisa na wa kumi alikosa. Ndipo mkopeshaji akatoa karatasi ambayo yaya aliiwekea dole gumba siku ile ya kwanza, mtoto akiwa hospitali. Haikusema popote kwamba ni mkopo. Ilisema yaya ameuza parsele na kupokea bei yote.

Nilishindwa kumjibu, kwa sababu juu ya meza yangu hapa Cedar Rapids, Iowa, palikuwa na bahasha iliyokuwa ikininyima usingizi kwa wiki tatu.

Mji wetu ulipigwa na dhoruba ya upepo tarehe 10 Agosti 2020. Iliangusha zaidi ya nusu ya miti ya mji na kung'oa mapaa, langu likiwemo. Nilitengeneza paa, nikahamia kampuni nyingine ya bima, nikaendelea kulipa mkopo wa nyumba kila tarehe mosi. Kisha mkopo wangu ukauzwa. Huku hilo ni jambo la kawaida: aliyekukopesha humuuzia mwingine haki ya kukusanya malipo, na wewe huulizwi, unaletewa barua tu. Kampuni mpya ikadai haioni bima yangu. Ikaninunulia bima yake kwa bei zaidi ya mara mbili ya niliyokuwa nayo, ikaiingiza kwenye malipo ya mwezi, na nilipotuma kiasi kilekile cha zamani ikaandika kwamba nimelipa pungufu, ikanitoza adhabu ya kuchelewa. Mimi ambaye sikuwahi kuchelewa. Barua ya adhabu hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya bahasha.

Nilipiga simu mara tano. Kila mara alipokea mtu mwingine, kila mara nilianza hadithi upya, nikataja jina langu herufi kwa herufi. Mmoja alikata simu nikiwa katikati ya sentensi. Nilijisikia mdogo kuliko siku niliyoshuka kwenye ndege. Nilikumbuka kwamba Kabongo, hata mkopeshaji mbaya ana nyumba unayoijua. Unaweza kwenda alfajiri, ukakaa chini ya mwembe wake mpaka atoke akutazame usoni. Hapa sikuwa na mwembe wa kukaa chini yake.

Mama mmoja wa kanisani kwetu, aliyefika huku miaka mingi kabla yangu, alisikiliza yote halafu akasema maneno mawili: "Usipige. Andika." Alinieleza kwamba kuna sheria ya mwaka 1974, wanayoiita RESPA, na kanuni zilizotungwa chini yake. Ukiiandikia kampuni barua kwenye anwani iliyotengwa kwa malalamiko, ukasema wazi kosa ni lipi, inabidi ithibitishe kuipokea ndani ya siku 5 za kazi, na kwa makosa mengi ijibu ndani ya siku 30 za kazi. Kuhusu bima, kampuni haina ruhusa ya kukutoza ile waliyokununulia kabla ya kukuonya kwa maandishi siku 45 mapema. Ukiwaonyesha kwamba bima yako ilikuwepo muda wote, wana siku 15 za kufuta yao na kurudisha pesa walizokutoza kwa muda huo. Niliandika ukurasa mmoja, nikaambatanisha cheti cha bima, nikatuma kwa rejista, nikabaki na nakala. Pesa zilirudi, adhabu ikafutwa. Hakuna aliyeniomba radhi, lakini zilirudi.

Ndugu msomaji, usinielewe vibaya, ukadhani Wazungu wana mioyo laini zaidi. Mwaka 2010 kampuni ya mikopo ya nyumba ya Countrywide ilikubali kulipa dola milioni 108 baada ya serikali kuishtaki kwamba iliwabebesha watu walioshindwa kulipa ada zilizovimbishwa: kukagua nyumba, hata kukata majani ya uani, kazi zilizopitishwa kwenye kampuni zake tanzu ili bei ipande njiani. Mwaka huohuo ikafichuka kwamba wafanyakazi wa benki kubwa walikuwa wakitia saini maelfu ya hati za kiapo za kunyang'anya nyumba bila kuzisoma. Mwaka 2012 benki tano kubwa zikafikia makubaliano ya dola bilioni 25 na serikali kuu na majimbo 49. Nikisoma habari hizo huwa namwona yaya na dole gumba lake. Huku ni mnyang'anyi aliyetia saini bila kusoma, kwetu ni mnyang'anywa. Kote kuwili, aliyeumia ni yule aliyekuwa na shida.

Ulinzi wenyewe hausimami peke yake. Ofisi ya serikali ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha ilifungua milango mwaka 2011, baada ya watu wengi kuwa wamekwisha kufukuzwa kwenye nyumba zao, na Februari 2025 uongozi mpya uliwaamuru wafanyakazi wake wasimamishe karibu kazi zote. Nilichojifunza huku ni kutunza nakala.

Kwa nini basi Kabongo hatuna hata benki ya kugombana nayo kuhusu nyumba? Jibu liko kwenye sheria ya ardhi ya Kongo ya 20 Julai 1973. Ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Kwa ardhi wanayokalia wenyeji kwa desturi, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki zao zitapangwa kwa amri ya rais. Amri hiyo haikutolewa. Kwa hiyo parsele ambayo babu alipewa na mfalme wa Kiluba, baba akaijengea kwa matofali ya kuchoma, kwa sehemu kubwa haina hati ya usajili. Bila hati hiyo hakuna rehani ya kisheria, na benki haiwezi kukukopesha juu yake. Anayebaki ni mtu wa mahindi na riba yake ya asilimia 30.

Hata hivyo tuna sheria ambayo wengi wetu hatukuambiwa. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na kanuni zake za dhamana, kifungu cha 199, haziruhusu makubaliano ya kwamba mkopeshaji ajitwalie nyumba ya kuishi ya mtu ikiwa deni halikulipwa. Inabidi apite mahakamani. Ndiyo maana wajanja hawaandiki neno "deni." Wanaandika "mauzo," na mtego wote umo katika neno hilo moja.

Nilimwambia yaya alichoniambia yule mama: aache kwenda kulia kwa mkopeshaji, aandike. Mpwa wetu aliandika tarehe za malipo yote manane, na majina ya watu wawili walioshuhudia pesa zikipokelewa. Wakaenda kwa mkuu wa mtaa wakiwa na mchungaji. Mkopeshaji alipoona tarehe zile alikasirika kwanza, kisha akapoa. Alikubali dola 200 za mwisho, nikazituma, na karatasi ya mauzo ikachanwa mbele ya wote. Yaya alikuwa amelipa 680 kwa mkopo wa 200. Bado naona ni dhuluma, na sitaiita kwa jina lingine kwa sababu tu iliisha kwa kupeana mikono.

Ninyi mlio Kabongo, Kamina, Malemba: mkikopa, karatasi iseme "mkopo," itaje kiasi, riba na siku ya mwisho, iandikwe kwa Kiswahili au Kiluba, isomwe kwa sauti kabla ya dole gumba, na nakala ya pili ilale kwenu. Kila faranga mnayolipa iandikwe siku hiyohiyo. Nanyi wenzangu wa ng'ambo mnaotuma pesa za kuokoa parsele: msitume kwanza. Pigeni simu leo, muulize karatasi iko mkononi mwa nani, na imeandikwa nini.