Neno Ambalo Lugha Inakataa



Wale miongoni mwenu wanaosoma informatiki wanaifahamu SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Donald Chamberlin na Raymond Boyce waliitangaza mwaka 1974, wakiwa watumishi wa IBM, juu ya msingi wa nadharia ambayo Edgar Codd aliichapisha mwaka 1970. Mwalimu mwenye daftari moja la majina na jingine la alama huandika neno JOIN, na madaftari mawili huwa kitu kimoja.

Sasa tuitazame CQL, lugha ya hifadhidata iitwayo Cassandra. Cassandra ilizaliwa ndani ya Facebook, ikatolewa kwa watu wote mwaka 2008. Huzitawanya data katika seva nyingi, kusudi moja ikizimika kazi isisimame. CQL iliyofuata mwaka 2011 inafanana na SQL kama mdogo mtu anavyofanana na kaka yake, ila ukiandika JOIN unakataliwa. Majina yako seva hizi, alama ziko seva zile. Kuyakutanisha kungedai seva nyingi zingojane, na kasi iliyotafutwa ingepotea.

Watu waliendelea kuomba maneno yaliyokosekana. Katika toleo la 3.10, mwaka 2017, walipewa GROUP BY, neno la kukusanya mistari kwa makundi, lakini kwa sharti. Alama zikiwa zimepangwa kwa shule, kisha darasa, kisha mwanafunzi, utapata wastani wa kila shule, au wa kila darasa katika shule. Ukitaka wastani wa kila kijiji, hupati, kwa kuwa kijiji hakimo katika mpango huo. Sisi tunaliona sharti hili kuwa la haki: lugha haitoi ahadi ambayo ghala haliwezi kuitimiza upesi. Vivyo hivyo, swali linalolazimisha kusoma data zote hukataliwa mpaka mwulizaji aongeze ALLOW FILTERING, yaani atamke mwenyewe kwamba anakubali gharama. (Laiti maombi mengine ya ofisini yangedai sahihi ya namna hiyo!)

Wengine walishika njia tofauti. InfluxDB, inayotunza vipimo vinavyofuatana kwa wakati, ilitunga lugha mpya kabisa, Flux, ili kuziba mapengo ya ile ya kwanza. Katika toleo la 3.0, mwaka 2023, ikaigeukia SQL.

Hata hivyo, kazi ya neno lililokataliwa haitoweki. Humwangukia mwandishi wa programu. Akikosa JOIN, huandika jina la mwanafunzi katika kila mstari wa alama tangu mwanzo. Siku jina linaposahihishwa, lazima lisahihishwe kila mahali, mstari kwa mstari. Aliyeipanga kazi hiyo akiwa amekwisha kuondoka bila kuacha maelezo, mtoto mmoja atabaki na majina mawili katika shule ileile, na siku ya kutoa vyeti hakuna atakayejua lipi ni lake.