Kupoza oili, giaboksi na difu: nyuzi 85 za uongo

Najua nimepotea, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa chini ya gari. Leo basi tuweke kando habari za seva na programu za mauzo, tuongee habari za joto, ingawa mwishowe mtaona kwamba mkosaji ni programu, tena niliyoiandika mwenyewe.

Kwa wasiojua, nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 1999, gia za mkono. Siku za kazi linanipeleka kwa wateja wangu kati ya Embu na Meru. Mara tatu nne kwa mwaka nalipeleka kwenye mbio za kupanda mlima kwa saa, zile za aina ya Kiamburing TT kule Kiambu, ambapo magari huachiwa moja moja na mpinzani wako ni saa tu. Uwanja wa lami wa kuzunguka huku kwetu hatuna. Tuna milima, na mlima unachemsha gari vibaya sana, maana unakanyaga mafuta hadi mwisho huku mwendo ni mdogo na upepo wa kupoza ni haba. Isitoshe tuko juu. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya Mombasa, kwa hiyo hata huo upepo mdogo unabeba joto kidogo.

Nianze na hesabu, maana bila hesabu mambo haya yote yanaonekana mapambo. Injini ikitoa kilowati 150, na difu ikapoteza asilimia 3 tu kwa msuguano, hizo ni kilowati 4.5. Birika la umeme la nyumbani ni kama kilowati 2. Sasa fikiria mabirika mawili ya chai yamewashwa ndani ya chuma chenye oili isiyofika lita moja, hakuna maji, hakuna feni. Meno ya difu hayasukumani tu kama ya giaboksi, yanatelezeana pia, na huko kuteleza ndiko kunakozaa joto. Oili ikizidi joto inakuwa nyepesi, na ule utando unaotenganisha chuma na chuma unakatika. Kuna na kanuni ya zamani, ya kukadiria tu: kila nyuzi 10 zikiongezeka, oili inachakaa haraka takriban mara mbili.

Injini ndiyo rahisi kati ya hizo tatu kwa sababu ina pampu yake. Unaweka sahani kati ya bloku na filta ya oili, hozi mbili zinatoka hapo kwenda kwenye kipoza kilicho mbele ya gari, na oili inasukumwa bila wewe kuongeza chochote. Ila hakikisha sahani ina termostati, inayofungua oili ikifika nyuzi kama 80. Nimeona watu wakiiacha ili kuokoa pesa. Asubuhi ya Julai hapa Embu, ukungu ukiwa umeshuka kutoka mlimani, gari lenye kipoza kisicho na termostati linaweza kwenda safari nzima oili haijapata joto lake, na oili isiyopata joto haikaushi maji na petroli vinavyopenya ndani yake. Kwangu mimi, kipoza hicho kilishusha oili kutoka nyuzi 128 hadi 108 mwisho wa mpando. Nikafurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyonipeleka mbele.

Giaboksi na difu havina pampu ya namna hiyo. Meno yanachota oili chini na kuirusha juu, basi. Ukitaka kuipoza lazima uitoe nje kwa pampu ya umeme, uipitishe kwenye kipoza, uirudishe. Kwenye Subaru ya gia za mkono oili ya giaboksi ndiyo hiyo hiyo ya difu ya mbele, kama lita tatu unusu, kwa hiyo pampu moja inatosha vyote viwili. Difu ya nyuma ina oili yake peke yake, nikaipa pampu yake, na kipoza chake nikakificha nyuma ya bampa upande wa kulia.

Fundi wangu ni mzee ambaye ametengeneza magari ya miraa tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Hakupenda.

"Injinia," akasema (ananiita hivyo ingawa nimemweleza mara nyingi kwamba mimi ni mtu wa kompyuta), "hizi Hilux za Maua zinakwenda Nairobi na mzigo kila siku, na hakuna aliyeniletea nifunge kipoza cha difu. Oili yake tunaimwaga kabla haijazeeka. Wewe unaifungulia difu milango miwili. Oili ikitaka kutoka itapita hapo."

"Fundi, nitaweka kompyuta iangalie."

Akanyamaza, akashika spana.

Kompyuta yenyewe ilikuwa Arduino, relei mbili, na sensa za DS18B20 nilizozigandisha kwenye chuma cha difu na cha giaboksi. Ni sensa rahisi, inapima hadi nyuzi 125. Kanuni niliyoandika ni hii: zikifika 80 washa pampu, zikishuka chini ya 70 zima. Sababu ya kungoja 80 ni kwamba oili ya difu ikiwa baridi ni nzito kama asali, pampu inahangaika nayo, na presha kwenye hozi inapanda. Halafu, ili relei isiwe inawaka na kuzima kila mara, nikaongeza mstari mmoja: pampu ikishawaka isizimwe kabla ya dakika 10. Mstari huo niliuona wa busara sana.

Kwenye mbio zilizofuata difu haikupita nyuzi 96. Nilimwonyesha fundi namba hizo kwenye simu. Akasema vizuri.

Wiki chache baadaye nilikuwa nampeleka Mama kliniki ya presha kule Chogoria. Yeye anatoka upande ule na hataki kusikia habari ya hospitali nyingine. Tuliondoka Embu mapema, baridi, tukavuka Thuci, tukapanda. Tukikaribia Chuka akazima redio.

"Hii gari yako ina nini? Inalia kama mbogo."

"Ni lami, Mama."

"Lami imebadilika saa ngapi?"

Nikasimama kando ya barabara. Harufu ilinifikia kabla sijainama, ile harufu ya salfa ya oili ya difu, ukishaijua huisahau. Hozi ya kipoza ilikuwa imechomoka nusu kwenye shingo yake. Bampa lilikuwa limeoga, tairi la nyuma la kulia limeoga, na diski ya breki ya upande huo inang'aa kwa oili. Mbele yetu, baada ya Chuka, kuna mteremko wa daraja la Nithi. Wa huku hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine: Julai 2022 basi lilitumbukia pale, watu zaidi ya 30 wakafa. Mimi nilikuwa karibu kumshusha mama yangu mteremko ule na gurudumu moja lisiloshika breki.

Nilimpandisha kwenye matatu ya Chogoria. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Nikanunua oili Chuka, fundi mmoja wa pale akanisaidia kuziba milango yote miwili kwa boliti, tukasafisha breki, tukajaza difu, nikarudi Embu polepole. Oili niliyoimwaga nyumbani ilikuwa na chembe za chuma zinazometa kama rangi ya kucha. Difu ile ikaisha. Nyingine niliipata ya mtumba Kirinyaga Road, Nairobi, na kazi ya wiki tatu ikalala hapo.

Usiku ule nilifungua kumbukumbu za Arduino kwenye kadi. Kila asubuhi, siku baada ya siku, namba za kwanza zilifanana: 85, 14, 14, 15.

Wenzangu wa kompyuta mmeshacheka. Sensa hii ikipata umeme, kabla haijapima chochote, namba inayokaa ndani yake ni 85. Upimaji kamili unachukua karibu robo tatu ya sekunde, na programu yangu haikusubiri. Ilisoma 85, ikaona zimepita 80, ikawasha pampu. Namba iliyofuata ilikuwa 14, lakini ule mstari wangu wa busara ukakataza kuzima. Kwa hiyo kila asubuhi, dakika 10 nzima, pampu ilikuwa inasukuma asali baridi ndani ya hozi niliyoifunga kwa klipu ya bisibisi, kwa sababu hozi za kubanwa kwa mashine ni ghali. Habari ya 85 iko kwenye karatasi ya maelezo ya sensa. Karatasi hiyo nilikuwa nimeisoma.

Nikaendelea kuchimba, nikakuta kosa la pili ambalo halikuwa limeniuma bado. Waya wa sensa ukikatika, maktaba niliyotumia inarudisha nyuzi 127 chini ya sifuri. Kwa programu yangu hiyo ni baridi tu, hakuna haja ya pampu. Yaani difu ingeweza kuungua huku skrini inaniambia niko Aktiki.

Giaboksi nimeiachia pampu yake, na hozi zilizobanwa kwenye duka la matrekta. Programu inatupa namba ya kwanza, ikiona 127 chini ya sifuri inawasha taa nyekundu, na pampu haigusi oili iliyo chini ya nyuzi 60 hata iweje. Difu ya nyuma sikuirudishia kipoza. Naimwagia oili mpya baada ya kila mbio, kama Hilux za Maua. Inafika nyuzi 115 juu ya mlima, kisha naiacha ipumzike nusu saa kabla ya mpando wa pili. Fundi ameona, hajasema kitu.

Mama bado tunakwenda naye Chogoria kila baada ya miezi miwili. Sasa ana tochi yake ndogo kwenye mkoba. Haingii garini mpaka niinamie nyuma, nimulike, nimwambie pamekauka. Mwezi uliopita aliinama mwenyewe.